Siagi ya embe yenye viungo: kasoro zake, chanzo chake na namna ya kuzirekebisha

Kuanzia Novemba hadi karibu Machi, soko la Kongowea hapa Mombasa hujaa embe za Ngowe, Apple, Boribo na Dodo, na bei hushuka mpaka mtu akanunua ndoo nzima bila kufikiri mara mbili. Ndio wakati wa kupika siagi ya embe: nyama ya embe iliyosagwa laini, ikapikwa kwa moto mdogo na sukari, limau na viungo mpaka ikawa nzito ya kupakika. Haina maziwa wala mafuta. Huliwa kwa mahamri, chapati au mkate wa mofa, na chupa yake ni zawadi nzuri ya Idd, ya arusi, au ya kuwapelekea jamaa walioko bara.

Kasoro zake ni za aina mbili, na kazi ya kwanza ni kuzitenganisha. Ziko kasoro za mlo: imekuwa nyepesi, ina nyuzi, imezidi karafuu, imepoteza rangi. Hizo hukera, lakini nyingi hurekebishika, na hata zisiporekebishika haziumizi mtu. Ziko pia kasoro za usalama: asidi haikutosha, chupa haikuchemshwa, kifuniko hakikukamata. Hizi mara nyingi hazionekani wala hazionjeki, na chupa yenye kasoro hiyo haipewi mtu hata ikiwa imefungwa kwa leso nzuri kiasi gani.

Ili tuelewane, hiki ndicho kipimo tunachokirejelea hapa chini. Embe za kilo mbili na nusu, zikiwa na maganda na kokwa, hutoa takriban kilo moja na nusu ya nyama. Tumia zilizoiva lakini bado ngumu kidogo. Tia sukari gramu 300, na maji ya limau ya chupa, yale ya dukani, vijiko vya mezani 5 (mililita 75). Viungo ni iliki ya unga kijiko cha chai 1, mdalasini wa unga nusu kijiko, tangawizi kavu ya unga nusu kijiko, kungumanga iliyoparuzwa robo kijiko, na karafuu nzima 4 zilizofungwa kwenye kitambaa. Vyote vikipikwa mpaka vikabaki kama kilo moja, hujaza chupa 4 za mililita 250.

Imekuwa nyepesi, inatiririka

Chanzo karibu kila mara ni maji ambayo hayajatoka. Zaidi ya asilimia 80 ya nyama ya embe ni maji, na hakuna unga wala jelatini hapa wa kuyashika. Uzito wote unatokana na kuyatoa kwa mvuke.

Angalia sufuria kwanza. Sufuria nyembamba na ndefu huchelewesha mvuke, na mpishi huchoka kabla ya kazi kuisha. Chagua pana, ambayo embe ikimiminwa haizidi kimo cha sentimita 6 au 7. Usifunike kwa kifuniko, maana mvuke unaogonga kifuniko hurudi ndani kuwa maji. Moto ukishakuwa sawa, kilo moja na nusu huchukua kati ya saa moja na saa moja na nusu.

Kosa la pili ni kuamua kwa macho ikiwa bado inachemka. Ya moto huonekana nyepesi kuliko ilivyo, na ikipoa hukaza. Weka sahani ndogo ndani ya friji kabla hujaanza. Ukidhani imeiva, tia kijiko kimoja kwenye sahani hiyo baridi, subiri dakika moja, kisha tazama pembeni. Ikiwa duara la maji limejitokeza kuzunguka kile kidonge, bado. Ikiwa imekaa kama kilima na pembeni pakavu, imeiva. Njia ya uhakika zaidi ni mizani: pima sufuria tupu mwanzoni uandike uzito wake, kisha pima tena ukikaribia mwisho. Ukiondoa uzito wa sufuria na kubaki kama kilo moja, umefika.

Iliyokwisha kuingia kwenye chupa ikiwa nyepesi unaweza kuirudisha sufuriani siku hiyohiyo, ukaipika tena na kuifunga upya kwa kifuniko kipya. Usiikaze kwa unga wa mahindi, wa ngano wala wa muhogo. Kwa ya kula leo hakuna neno, lakini ya kuhifadhi ni hatari: unga huzuia joto kufika katikati ya chupa, na nyakati za kuchemsha tunazotaja hapa hazikupimwa kwa mchanganyiko wa aina hiyo.

Imekaza kama gundi

Imepikwa kupita kiasi, au umesahau kwamba hukaza ikipoa. Irudishe kwenye moto mdogo, ongeza maji ya moto vijiko viwili viwili huku ukikoroga mpaka ilainike. Kwa kuwa umeongeza maji, ongeza na limau pia: kijiko kimoja cha mezani kwa kila nusu kikombe cha maji. Nzito kupita kiasi ina tatizo jingine lisiloonekana: joto hupenya polepole sana, na katikati ya chupa huenda pasipate moto wa kutosha. Ndiyo sababu tunatumia chupa za mililita 250 tu. Chupa ya nusu lita haifai kwa nyakati zilizoelezwa hapa.

Maji yanajitenga juu baada ya siku chache

Ama haikuiva sawasawa, ama haikusagwa sawasawa. Vipande vidogo vya embe hushikilia maji ndani yake, kisha huyaachia taratibu vikiwa chupani. Saga na kuchuja kabla ya kupika, kisha koroga mpaka chini. Ikiwa kifuniko kimekamata na asidi ilipimwa, maji hayo si hatari. Ukifungua, koroga na ule.

Inaungua chini, au inaruka na kuchoma mikono

Tunayaweka pamoja kwa sababu mzizi ni mmoja: joto limejikusanya sehemu moja. Rojo likishakuwa zito, halizunguki lenyewe kama maji. Mvuke hujikusanya chini, kisha hupasuka kama kipovu kizito, na tone lake hunata kwenye ngozi na kuendelea kuchoma. Ukiona povu kubwa zinapasuka kwa kishindo, punguza moto mara moja. Weka chungio la waya juu ya sufuria: hukinga matone na bado huachia mvuke. Tumia mwiko mrefu, na watoto wasisogee.

Kwenye jiko la gesi, weka chuma cha chapati chini ya sufuria. Hueneza moto mahali pote, na ni ufumbuzi rahisi usiogharimu kitu kwa nyumba yenye chuma hicho tayari. Kwenye jiko la makaa au seredani, ngoja makaa yawe mekundu bila ndimi za moto, kisha yafunike kwa majivu kidogo. Sukari itie baada ya embe kupika kama nusu saa, si mwanzoni, kwa kuwa sukari ndiyo hushika chini na kugeuka nyeusi. Limau tia mapema. Asidi yake haiondoki na mvuke, na hulinda rangi.

Ikiwa imeshaungua, usikwangue. Zima moto, mimina sehemu ya juu kwenye sufuria nyingine bila kugusa chini, onja. Ladha ya moshi ikiwa haipo, endelea. Ikiwa ipo, hakuna kiungo kinachoificha. Kuongeza mdalasini hufanya iwe chungu na ya moshi kwa pamoja.

Ina nyuzi, au inakwaruza ulimini

Hapa aina ya embe ndiyo mwamuzi. Ngowe, ile ndefu yenye ncha iliyopinda, ina nyuzi chache sana, na kwa maoni yetu ndiyo bora kwa kazi hii hapa Pwani. Apple nayo ni laini. Boribo ina rangi nzuri ya machungwa, ila huhitaji kuchujwa. Dodo ni tamu lakini ina nyuzi nyingi, na ukiinunua kwa sababu ya bei, hesabu na muda wa kuchuja.

Kosa la kawaida ni kuamini blenda. Blenda haiondoi nyuzi, huzikatakata, na vipande hivyo vifupi hupita kwenye chungio na kukaa ulimini kama mchanga laini. Fuata mpangilio huu: kata nyama, pika dakika 10 na maji kidogo mpaka ilainike, pitisha kwenye chungio kwa mgongo wa upawa, kisha ndipo usage kwa blenda. Nyama iliyogandamana na kokwa iache. Ndipo nyuzi zilipo kwa wingi, na ladha yake ni kali.

Mkwaruzo ukiwa ni wa chembe zinazoyeyuka mdomoni, hiyo ni sukari iliyoganda. Ama ilitiwa mwishoni ikakosa muda wa kuyeyuka, ama chembe zilibaki kwenye ukingo wa sufuria zikaanguka wakati wa kumimina. Pasha moto chupa hiyo kwenye maji vuguvugu, zitayeyuka. Safari ijayo pangusa ukingo kwa brashi iliyoloweshwa maji. Chembe zisizoyeyuka ni viungo visivyosagwa vizuri, hasa iliki iliyotwangwa na maganda yake. Twanga mbegu peke yake kinuni, kisha pitisha kwenye chungio laini.

Ni chungu, au viungo vimezidi

Karafuu huzidi nguvu ikiwa chupani. Siagi iliyoonjwa ikiwa ya moto na kuonekana sawa, baada ya wiki tatu inaweza kuufisha mdomo ganzi. Tumia nzima, zifunge kwenye kitambaa, na utoe kabla ya kumimina. Kamwe usiache karafuu wala kijiti cha mdalasini ndani ya chupa ya zawadi kwa ajili ya urembo.

Viungo vya unga vitie dakika 10 za mwisho. Vikipikwa saa nzima, harufu hupotea na uchungu hubaki, na mpishi huongeza tena akidhani havitoshi. Viungo vya soko la Marikiti vikiwa vimesagwa mbele yako vina nguvu kuliko vya pakiti iliyokaa dukani miezi. Ukibadilisha chanzo, anza na nusu ya kipimo.

Uchungu usio wa viungo hutoka sehemu tatu: mbegu na ngozi nyeupe ya ndimu iliyokamuliwa kwa nguvu, utomvu wa kikonyo uliomwagikia nyama wakati wa kumenya, na sukari iliyoanza kuungua. Utomvu unazuilika: osha embe, kata kikonyo, zisimamishe kichwa chini kwa nusu saa utomvu utoke, zioshe tena ndipo umenye. Pia hukuepusha na muwasho wa mikono.

Viungo vikizidi, pika kundi la pili bila kiungo chochote, likiwa na embe, sukari na limau kwa kipimo kilekile, kisha changanya yote mawili. Usipunguze makali kwa tui la nazi, maziwa wala samli. Tui linapendeza sana na embe, na kwa ya kula jioni hiyo ongeza upendavyo, lakini tui lina asidi ndogo, kwa hiyo hushusha asidi ya siagi, na mafuta yake huvuruga uhifadhi. Siagi yenye tui hukaa friji na huliwa ndani ya siku tatu.

Rangi imekuwa kahawia au ya kijivu

Kahawia kote: imepikwa muda mrefu kwa moto mkali. Kahawia juu tu, ndani ya chupa: hewa imebaki nyingi, yaani umeacha nafasi kubwa. Kipimo ni milimita 6 kati ya siagi na ukingo, basi. Kabla ya kufunga, pitisha kisu kisicho cha chuma au kijiti kisafi kando kando ya ndani ya chupa ili vipovu vya hewa vitoke, kisha ongeza siagi ikiwa imeshuka.

Kijivu, pamoja na ladha kama ya sarafu, ni sufuria. Sufuria nyingi za Mombasa ni za alumini, na asidi ya embe na limau hula alumini hiyo polepole wakati wa kupika. Tumia sufuria ya stili au ya enameli isiyobanduka. Ukiwa nayo moja tu ya alumini, itumie kwa kuchemshia chupa, si kwa kupikia.

Rangi inayofifia taratibu chupani ni ya joto na mwanga. Tutafika huko kwenye rafu.

Hujui kama asidi inatosha

Hapa ndipo tunaomba msomaji asiruke mstari. Bakteria Clostridium botulinum huacha mbegu ambazo hazifi kwenye maji yanayochemka. Zikiwa ndani ya chupa isiyo na hewa, na chakula kikawa na asidi ndogo, huamka na kutoa sumu inayopooza mwili. Sumu hiyo haina harufu wala rangi. Kinachozizuia ni asidi: chakula kikiwa na pH ya 4.6 au chini yake haziwezi kukua. Kadiri namba ya pH inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi.

Embe mbichi ni kali na iko salama upande huo. Embe iliyoiva sana pH yake hupanda, na nyingine huvuka 4.6. Kwa hiyo embe tamu kuliko zote, ile inayobonyea kidoleni, ndiyo yenye hatari zaidi ikifungwa bila limau. Hiyo ni ya kula, na ya chupani chagua iliyo ngumu kidogo.

Kwa nini limau ya chupa na si ndimu za sokoni? Ndimu hutofautiana. Moja ina maji makali, nyingine imekaa juani na kupungua nguvu. Ya dukani imesawazishwa, kijiko ni kijiko. Mbadala wake ni asidi ya sitriki, ule unga mweupe unaouzwa penye viungo vya kuokea: kijiko cha chai kimoja na robo kwa kilo moja na nusu ya nyama, badala ya vile vijiko 5 vya limau. Siki hufanya kazi pia kwa usalama, lakini huharibu ladha ya embe. Ukwaju ni mkali sana na unapendeza, ila ukali wake haupimiki kwa kijiko. Utie kwa ladha juu ya limau, usiutie badala yake.

Ukipika kila msimu, nunua kipima pH cha betri. Karatasi za rangi husoma vibaya kwa sababu embe yenyewe huitia rangi karatasi. Pima siagi ikiwa imepoa, na ulenge 4.2 au chini. Ikisoma juu ya hapo, rudisha sufuriani, ongeza kijiko kimoja cha limau, koroga, poza kidogo, pima tena.

Sukari haitoi asidi. Ukipunguza sukari ya kipimo hiki ladha hubadilika na siagi ikifunguliwa huharibika mapema, lakini ukipunguza limau umegusa usalama wenyewe. Ikiwa ni kali mno kwako, ongeza sukari.

Nanasi na pera zina asidi nzuri na huchanganyika vizuri na embe. Papai na ndizi hazina. Boga na viazi vitamu hazifungwi nyumbani kwa namna yoyote ya siagi, hata ukitia limau, kwa kuwa ni nzito na asidi yake ni ndogo mno. Zipike, ziweke kwenye friji au zigandishe.

Kifuniko hakikukamata

Baada ya saa 24, bonyeza katikati ya kifuniko. Kikiwa kimezama na hakitikisiki, kimekamata. Kikiruka na kulia, bado.

Sababu ya kwanza ni kifuniko kilichotumika. Chupa za jemu zilizooshwa zinafaa, vifuniko vyake havifai: mpira wa ndani huwa umeshaacha alama ya ukingo wa zamani na haukazi tena mahali papya. Nunua vifuniko vipya vya kipimo hichohicho. Sababu ya pili ni tone la siagi kwenye ukingo; pangusa kila ukingo kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya moto. Ya tatu ni ukingo uliomeguka. Pitisha kidole taratibu, na ukihisi ncha, chupa hiyo iwekee kungumanga. Ya nne ni kujaza mpaka juu, ambapo siagi huchemka, hupanda na kupita kati ya mpira na kioo.

Kuna desturi ya kumimina siagi ya moto, kufunga na kuipindua chupa kichwa chini. Kifuniko huweza kukamata kweli, na hilo ndilo linalodanganya watu. Kupindua hakuui ukungu uliobaki kwenye hewa ya chupa wala hakutoi hewa ya kutosha. Chemsha.

Utaratibu ni huu. Mimina siagi ikiwa bado inachemka, nyuzi 90 au zaidi, ndani ya chupa za moto. Funga kwa nguvu za vidole, si za mkono mzima. Panga chupa kwenye sufuria kubwa iliyotandikwa kitambaa chini, maji ya moto yazipite vifuniko kwa sentimita 3 au zaidi. Maji yakianza kuchemka kwa nguvu ndipo uhesabu dakika 15. Zima moto, ngoja dakika 5, toa chupa zikiwa wima. Usizikaze tena vifuniko baada ya hapo. Utauvunja mkazo ulioanza kushika.

Dakika hizo 15 ni za Mombasa, usawa wa bahari, maji yanapochemka nyuzi 100. Mtu wa Nairobi, mita 1,700 hivi juu, maji yake huchemka kabla ya kufika hapo, na anahitaji dakika 20. Ukimtumia dada yako kipimo hiki kwa simu, mwandikie na hilo.

Kwa wenye makaa: moto ukififia na mchemko ukakatika dakika ya 10, hazibaki dakika 5. Washa, ngoja mchemko urudi, anza kuhesabu kutoka mwanzo. Hali ni hiyohiyo gesi ikikwisha katikati, kwa hiyo tikisa mtungi kabla ya kuanza.

Chupa ambazo hazikukamata ndani ya saa 24 unaweza kuzichemsha upya: rudisha siagi sufuriani mpaka ichemke, chupa safi, kifuniko kipya, dakika 15 kamili. Au zitie friji na uzile kwanza.

Chupa imepasuka ndani ya maji

Kioo baridi kimekutana na kitu cha moto. Weka chupa kwenye maji ya moto mpaka utakapojaza. Zikitoka, zipange juu ya taulo, si juu ya saruji wala vigae, na uzime feni. Chini ikikatika duara kamili, ujue chupa ilikaa moja kwa moja juu ya chuma cha sufuria bila kitambaa.

Utando mweupe unaobaki nje ya chupa ni madini. Maji ya kisima ya sehemu nyingi za Mombasa yana chumvi na chokaa. Tia vijiko viwili vya siki kwenye maji ya kuchemshia, na zikipoa zioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Kwa kupikia, maji ya chumvi usiyatumie kabisa.

Umeona ukungu, povu, au kifuniko kimevimba

Tupa yote. Usikwangue ukungu na kula chini, kwa sababu ukungu hula asidi na kupandisha pH, na kilichokuwa salama jana si salama tena. Kifuniko kilichovimba, siagi inayofoka ukifungua, harufu ya pombe au ya uchachu, vyote hukumu yake ni moja. Usionje kuthibitisha. Funga chupa ndani ya mifuko miwili, iweke mbali na watoto, paka na kuku, osha mikono na meza kwa sabuni kisha kwa dawa ya madoa iliyochanganywa na maji.

Kisha tafuta chanzo kwenye kundi zima. Chupa moja ikiwa na ukungu na nyingine safi, ni kifuniko au ukingo. Zote zikiwa hivyo, ni asidi au muda wa kuchemsha, na hata zile zinazoonekana nzima usizigawe.

Kwenye rafu na njiani

Joto la Mombasa na hewa yake ya chumvi vina athari zake. Kausha nje ya chupa na chini ya ukingo wa kifuniko kabla ya kuzipanga, la sivyo kutu huanza ndani ya wiki chache, na kutu ikitoboa kifuniko hewa huingia. Kabati la ndani lenye giza, mbali na jiko na dirisha, linatosha. Kwa kuwa nyumba zetu hukaa nyuzi 28 au zaidi kwa miezi mingi, kula ndani ya miezi sita. Baada ya hapo ni rangi na harufu ya iliki zinazopungua, si usalama, ikiwa kila kitu kilifuatwa.

Chupa iliyofunguliwa ni ya friji, wiki tatu, kwa kijiko kikavu. Stima ikikatika usiku mmoja bila friji kufunguliwa haina shida. Ikikatika siku mbili, onyesha tahadhari na uitupe.

Chupa inayopanda bara kwa treni au basi hupoteza sehemu ya mkazo wake, kwa kuwa hewa ya nje ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya hapa. Kifuniko kilichokamata sawasawa hustahimili; kilichokamata nusunusu huachia njiani. Kwa hiyo zawadi ya mbali iwe imekaa nyumbani angalau wiki moja, ikabonyezwa tena siku ya safari. Mwambie mpokeaji naye aibonyeze ikifika, na ikilia aiweke kwenye friji siku hiyohiyo au, ikiwa hajui ilianza kulia lini, aiache.

Leso ya kufunikia ikatwe duara na kufungwa kwa uzi baada ya chupa kukauka kabisa, maana kitambaa chenye unyevu juu ya bati huleta kutu chini yake. Kibandiko kiandikwe tarehe ya kupikwa, viungo vyote vilivyomo, na maneno "ikifunguliwa weka friji". Ukitumia asali badala ya sehemu ya sukari, andika pia kwamba si ya mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Na ikiwa majirani wameanza kuulizia bei, kuuza ni jambo jingine: bidhaa ya chupa inayouzwa Kenya huhitaji kibali cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, na vipimo vya asidi vya kila kundi vilivyoandikwa daftarini vitakusaidia hapo.